Mkeka Uliofunika Madungusi

Barabara hii ya Bagamoyo watu wananijua. Shuka Kerege, uliza nyumba ya yule bwana wa miiba, hata mtoto atakunyooshea kidole. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akasoma haya akadhani yameandikwa na mtu asiyejiweza. Shule niliiacha bado sijajua kugawanya vizuri. Nimebeba mawe ya matumbawe kichwani, nimefyatua matofali ya watu kabla sijafyatua ya kwangu. Leo nina kiwanda cha matofali, nina nyumba yenye baraza pana, na nyuma ya nyumba nina kitu ambacho sijamwona mwingine nacho katika pwani yetu hii. Nina madungusi ya jangwani.

Sisemi ule mpungate wa ua, unaoota hata ukiutupa jalalani. Nasema madungusi ya kweli, ya majangwa ya mbali, mengine ya juu milimani kabisa, ambako mvua ni kama habari tu, watu wanaisikia. Kwao hewa ni kavu mchana na usiku ni baridi. Hapa kwetu hewa yenyewe ni maji. Chumvi ukiiacha mezani asubuhi unaikuta inalia. Kanzu ukiitundika wiki moja kabatini inaota ukungu. Sasa mlete mgeni wa jangwani katika hali hiyo, umwambie akae, anenepe, atoe maua.

Nilianza kwa hasira. Mzungu mmoja alipanga nyumba yangu ndogo ya nyuma, na alipoondoka akaniachia vyungu vya madungusi kama zawadi. Masika ilipoingia yakaoza yote. Dungusi halinyauki likakupa taarifa kama mchicha. Linasimama limependeza hivyo hivyo, kijani, gumu, huku ndani limeshakuwa uji wa rangi ya chai. Siku unaligusa, kidole kinazama. Nilitukana sana siku ile. Mimi nimeshinda njaa, nimeshinda watu walionidhulumu viwanja, nije nishindwe na mti wa chungu?

Nikajifunza. Niliangalia video za watu wa mbali ambao lugha yao siijui hata salamu, nikaangalia mikono yao. Nikaacha mchanga wa ufukweni kwa sababu ya chumvi, nikaacha udongo wetu kwa sababu unashika maji, nikasaga matofali ya kuchoma nikachanganya na mkaa na changarawe ya mtoni. Maji ya kisima nikayakataa, maana yanaacha utando mweupe, nikakinga ya mvua. Yale laini, dhaifu sana, nikayabebesha juu ya mpungate wa hapa hapa, kama wanavyobebesha miembe, ili mizizi ya mwenyeji imbebe mgeni. Watu walicheka. Baadaye wakaja kupiga picha.

Lakini lilikuwapo moja ambalo halikukubali kitu. Ni la milimani, vichwa vyake vimerundikana kama mayai ya kanga, na miiba mirefu halina. Lina mafungu ya vinyweleo vya rangi ya dhahabu, kila kimoja chembamba kuliko unyusi, na kila kimoja kina ndoana mwishoni. Ukilipitia karibu tu unaondoka navyo. Huvioni. Utajua ukikaa. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinitoa vinyweleo hivyo: ananibandikia selotepu mkononi, anaikandamiza, anaivuta kwa ghafla.

“Baba, utakoma lini?”

“Likitoa ua.”

“Na lisipotoa?”

“Vuta hiyo, acha maneno.”

Adui wa dungusi lile alikuwa masika. Nikilifunika kwa nailoni linatoka jasho. Nikiweka turubai, linachemka. Chini ya bati ndiyo linaiva kabisa. Hapo ndipo nikagundua kitu ambacho mpaka leo najivunia, Mungu anisamehe: mkeka. Mkeka wa ukindu ukiuinamisha kama paa, maji yanateremka na hewa inapita. Mkeka unapumua. Nikatoa mikeka ya ndani mmoja mmoja nikaifunga juu ya vyungu. Lile la milimani nikalipa mkeka mkubwa kuliko yote, wenye msuko wa kubana, wa zambarau na kijani. Mkeka huo aliusuka mama wa binti yangu, zamani, tulipokuwa bado mume na mke. Nilipomwacha alikwenda kwao Zinga na nguo zake. Mkeka ukabaki.

Masika nzima upepo uliusugua mkeka ule juu ya vinyweleo vile. Mvua zilipokatika niliukung'uta, nikaukunja, nikaurudisha stoo. Dungusi lilikuwa zima. Baada ya muda likatoa kitumba. Niliwaambia watu msikitini, niliwaambia mafundi wangu, nilimwambia mpaka dereva wa lori la mchanga, ambaye hakuniuliza.

Ndipo ikaja posa.

Kijana ni wa Vigwaza, familia ya wakulima, watu wenye heshima zao. Mshenga wao ni jirani yangu tunayeswali naye. Binti yangu alinikalisha chini akaniambia ana ombi moja tu: siku ya wageni apike mama yake. Dada yangu mkubwa, anayekaa nami tangu nilipoacha mke, alinuna. Alisema mtalaka haingii jikoni kwa mtu siku ya posa, ni mkosi. Nikamwambia nyumba ni yangu. Nilipenda kusema hivyo.

Mama wa binti alifika asubuhi mapema. Mimi nilikuwa nahangaika kukitoa kile chungu nyuma nikilete barazani, maana ua lilikuwa limefunguka usiku wa kuamkia siku hiyo, la njano iliyokolea, na nilitaka wakwe walione kabla ya kitu chochote. Nikamsikia ananiita kutoka stoo.

“Mkeka wangu huu! Kumbe bado unao?”

“Nautunza,” nikamjibu.

Nilisema hivyo. Nautunza. Alifurahi, nikaona kabisa amefurahi. Akaukung'uta uani, akaupangusa kwa kitambaa chenye maji, akautandika barazani, upande wa wageni. Nilimwona akiutandika. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye ua, nikizungusha chungu ili jua lilipige vizuri. Mimi nilitandikiwa busati.

Wageni waliingia na kanzu zao nyeupe. Baba mkubwa wa kijana, mtu wa mwili, alivua viatu, akakaa, akanyoosha mguu. Wenzake wakakaa. Mshenga akakaa. Salamu zilipokwisha, kabla mshenga hajafungua mdomo kwa lililowaleta, mimi nikaanza.

“Wazee, mnaliona hili? Hili kwao ni mlimani, jangwa la baridi. Pwani nzima hamtaliona lingine.”

Baba mkubwa akalitazama. “Linaliwa?”

“Haliliwi.”

“Dawa?”

“Si dawa.”

“Sasa linafanya nini, mkwe?”

“Linaishi,” nikasema. “Hapa halitakiwi kuishi, na linaishi.”

Akacheka, akasema basi linafanana na shemeji yake mmoja. Tukacheka wote. Nikaendelea. Nikawaeleza udongo, nikawaeleza maji, nikawaeleza kubebesha. Mshenga alikohoa mara kadhaa kunikumbusha, sikumjali. Nilikuwa nafika kwenye habari ya mvua, na jinsi akili yangu ilivyovumbua kifuniko, nikaona baba mkubwa amehamisha uzito wake kutoka tako moja kwenda jingine. Kisha akaurudisha. Mwenzake akajikuna kisigino. Mshenga akaingiza mkono chini ya paja kama anayetafuta kitu alichodondosha.

“Hapa pana sungusungu?” akauliza mmoja.

“Hapana,” nikasema, “baraza limepigwa dawa.”

“Basi kuna kitu.”

Hapo ndipo niliuangalia mkeka. Zambarau na kijani. Na kwenye kisigino cha yule mzee, jua likimpiga, niliona mng'ao wa dhahabu kama vumbi. Nilijua saa ile ile. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo linalonifanya niandike. Sikuja kujua baadaye. Nilijua saa ile.

Mshenga alisimama anajikuna bila haya. “Jamani, huu ni upupu! Mtu katumwagia upupu.”

Kwa asiyejua, upupu ni mmea wa porini, maganda yake yana manyoya ya kuwasha, na kwetu mtu akitaka kuharibu shughuli ya mwenzake humwaga mahali pa kukaa. Likitajwa neno hilo kwenye posa, haliulizwi tena ni nini. Linaulizwa ni nani.

Dada yangu alikuwa mlangoni, nyuma ya pazia. Akatoka nje kabisa.

“Nani katandika huo mkeka? Mimi siye. Mimi sijaugusa.”

Mama wa binti akatokea kutoka jikoni, mwiko mkononi, hajui kitu.

“Nimetandika mimi. Kuna nini, wifi?”

“Usiniite wifi. Nilisema mimi. Mtalaka kuingia nyumba ya watu siku ya posa, nikaonekana mchawi. Haya, wageni hao wanajikuna.”

“Mimi nimwagie upupu posa ya mwanangu?”

“Si mwanao unayemwonea. Unaionea nyumba uliyoachika.”

Wageni wakainamisha macho. Mama wa binti akanitazama mimi. Hakumtazama dada, hakuwatazama wageni. Alinitazama kama mtu anayengoja chenji yake, bila wasiwasi, anajua itakuja tu.

Na mimi nilikuwa na maneno. Mimi mtu wa maneno! Nilitakiwa kusema sentensi moja: ni mimi, nilifunikia miti. Lakini nikawaza, nimetoka sasa hivi kujisifu mbele ya watu hawa, nianzeje kuwaambia kwamba nimewakalisha kwenye turubai la vyungu? Mkeka wanaokalia wageni, wanaoswalia watu. Na lile neno upupu lilikuwa limekwisha kutoka, limesimama pale, tayari kunibebea. Nikasema:

“Tutulie kwanza. Tutachunguza.”

“Mtachunguza?” akauliza yeye, taratibu.

Akaingia ndani akarudisha mwiko, akatoka amevaa baibui. Viatu vyake vilikuwa vimechanganyika na vya wageni hapo ngazini, akainama kuvitafuta, akipangusa vya wenzake na kuvipanga pembeni ili visikanyagwe. Alichukua muda. Hata alipoinama vile sikusema. Akashuka, akapita kwenye chungu changu na ua lake, akatoka langoni.

Pazia la mlango likasogea. Ukatoka mkono wa binti yangu, mkono tu, maana siku ile yeye hakutakiwa kuonekana. Ukaweka kitu sakafuni, ukakisukuma, kikabingirika mpaka mbele yangu. Selotepu.

Baba mkubwa wa kijana akaitazama. “Hii ya nini tena?”

Sikuwa na pa kwenda. Nikafungua mdomo, na hata hapo nikaanza vibaya.

“Wazee, hivi si upupu. Ni vinyweleo vya hili dungusi, na dungusi hili ndilo gumu kuliko yote duniani kulistawisha, kwa hiyo ikanibidi—”

“Mkwe, unajisifu tena?”

“Hapana.”

“Basi sema kwa kifupi.”

“Mkeka niliufunikia vyungu. Masika nzima.”

“Mkeka huu huu?”

“Huu huu.”

Mshenga akasema astaghfirullahi, akaruka nje ya mkeka kama umeshika moto.

“Na yule mama?” akauliza baba mkubwa.

“Hajui kitu. Aliukuta stoo.”

“Wakati anatukanwa, wewe ulikuwa unajua?”

Ningeweza kusema nilikuwa nimeanza tu kuhisi. Lilinijia mdomoni. Nikamwona dada yangu ananitazama, na nyuma ya pazia najua nani yuko, nikasema, “Nilijua.”

Niliwaingiza chumbani wakavua kanzu. Nikiwa nje nasikia selotepu inavyovutwa, na mshenga analia, “Polepole bwana, hiyo ni ngozi!” na mwingine anamwambia, “Inama, acha ushamba.” Baba mkubwa akapaza sauti, “Nimeposea vijana wengi, lakini kuvuliwa kanzu kabla ya pilau ndiyo leo!” Wakacheka huko ndani. Nikapata matumaini. Nikadhani kicheko hicho ni changu pia.

Alipotoka hakuwa anacheka. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

“Mkwe, kuwasha kutaisha. Tunarudi nyumbani. Binti tunamtaka, hilo halijabadilika, lakini binti huyu ana mama, na mama katoka hapa na jina baya mbele yetu. Hatuwezi kula alichopika halafu tukanyamaza. Kamtafute. Akisema tuje, tutakuja. Asiposema, basi.”

Wakaondoka. Pilau ikabaki kwenye sufuria na kifuniko chake. Dada yangu alisema yeye alisema alichokiona, akaingia chumbani kwake. Binti yangu nilimgongea mlango. Alinijibu neno moja kutoka ndani: “Nenda.”

Nilikwenda na gari yangu, ile kubwa, na njia nzima nikipanga maneno. Kutoka Kerege mpaka Zinga nilikuwa nimeshapanga hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho, inayoeleza kuhusu mvua na unyevu, ili aelewe kwamba sikuwa na nia mbaya. Yeye ana genge mbele ya nyumba yao: nyanya, vitunguu, dagaa, mafuta ya kupima. Nilimkuta ameshavua baibui, anapimia watu mafuta kama siku nyingine yoyote. Wateja walikuwapo, wanawake wa mtaa, na mzee mmoja anayenunua tumbaku.

“Nina maneno na wewe,” nikamwambia. “Tuingie ndani.”

“Ndani kuna nini?”

“Tuzungumze faragha.”

“Nilichoambiwa hakikuwa faragha,” akasema, macho kwenye kipimo chake. “Sema hapa.”

“Mbele ya watu?”

“Wale kwako walikuwa mbuzi?”

Mwanamke mmoja akaguna, akaweka kikapu chini. Alikuwa amekwisha kununua, lakini hakwenda. Nikaanza ile hotuba. Nikasema unajua, hewa ya pwani. Yeye akamgeukia mteja, “Na wewe ulitaka cha ngapi, shoga?” Nikaanza tena. Nikasema dungusi lile asili yake. Mzee wa tumbaku akamwuliza mwenzake huyu bwana anauza nini. Kila nilipoingia kwenye miti yangu yeye alihudumia mtu. Nikaelewa polepole, kama mtu mzito.

“Mkeka wako sikuutunza,” nikasema. “Niliufunikia vyungu vya miiba. Wageni walichomwa na miiba yangu. Wewe hukumwaga kitu. Nilijua, ukatukanwa, nikanyamaza.”

Hapo akaacha kupima.

“Kwa nini?”

“Niliona haya.”

“Ukaona bora nione mimi.”

Yule mwanamke wa kikapu akasema, “Loo, wanaume,” akaondoka na habari yake, na najua ilifika Mlingotini kabla ya magharibi. Mama wa binti akafuta mikono kwa kanga. Hakulia, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

“Waambie waje,” akasema. “Waje hapa, si kwako. Nitawapikia upya. Na dada yako akitaka kuja, aje na ulimi wa kusalimia.”

“Na mimi?”

“Wewe ni baba yake. Nani amekukataza?”

Wakaja, Ijumaa baada ya swala. Dada hakwenda, alisema miguu inamwuma. Mimi nilikwenda mapema nikapiga hodi, nikangoja barazani kwa watu kama mgeni, na ndugu zake wa kiume walinisalimia vizuri, vizuri kupita kiasi, kama watu walioambiwa wasicheke. Baba mkubwa wa kijana alifika, akaweka kiganja mahali pa kukaa, akapapasa, akanitazama. Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, uso unawaka.

Mshenga akasema lililowaleta. Akalisema vizuri, hakuna aliyemkatisha. Kisha kama ilivyo desturi akanigeukia mimi, na baraza lote likanigeukia, akauliza baba wa binti anajibu nini.

Nilikuwa na maneno ya kujibu, niliyatengeneza tangu binti yule ana meno ya utoto. Nikaangalia upande wa mlango wa ndani, ambako wanawake walikuwa wamesimama kimya wakisikiliza.

“Mwulizeni kwanza mama yake,” nikasema.

Mshenga akawatazama wenzake. Hawakuzoea. Halafu sauti yake ikatoka ndani, ya kawaida kabisa, akasema yeye ameridhika kama mwanawe ameridhika, na chakula kinapoa.